Pole kwa Kiingereza

HAMISI: Haya, karibuni tena kwenye kipindi chetu cha Kiingereza. Leo ni zamu ya borrow na lend, halafu since na for. Ila dada Mwanaidi, ngoja kwanza. Jumanne nilipita kumwona mwanafunzi wangu kazini, hotelini, Mji Mkongwe.

MWANAIDI: Yule wa mapokezi?

HAMISI: Yule yule. Mgeni kutoka Uingereza akajikwaa kwenye kizingiti, unajua vizingiti vya milango ile. Kijana akamkimbilia: “Sorry, sorry, mama!” Mgeni akamjibu: “Why? It wasn't your fault.” Kijana akabaki ameduwaa.

MWANAIDI: Sasa kakosea nini? Mtu kajikwaa, unampa pole.

HAMISI: Kwa Mwingereza, hapo sorry inasikika kama kuomba radhi, kana kwamba kizingiti umekiweka wewe. Angemuuliza: “Are you all right?”

MWANAIDI: Mtu yuko chini unamhoji? Hapana, kaka. Mbona msibani wanasema “I'm sorry for your loss”? Aliyesema hivyo ndiye aliyeua?

HAMISI: Hiyo ni sawa, na “I'm sorry to hear that” pia, maana wanaitaja habari yenyewe. Sorry tupu, mtu akiteleza, hawaitumii hivyo.

MWANAIDI: Hawaitumii wao. Nairobi wanasema, Kampala wanasema, Lagos na Accra vilevile. Hao wote unawafuta kwa wino mwekundu? Mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliingiza maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, chips mayai ikiwemo!

HAMISI: Chips mayai ni chakula, ukiitaja hakuna anayekuelewa vibaya. Huyu kijana anapokea wageni. Siku mgeni akivunjika mguu, ile sorry itaonekana ni kukiri kosa.

MWANAIDI: Basi mgeni naye ajifunze. Kaja kwetu.

HAMISI: Anayelipwa mshahara ni kijana, si mgeni. Mimi nitaendelea kumfundisha “Are you all right?”

MWANAIDI: Na mimi darasani kwangu sorry itabaki. Akitaka aongeze hilo swali lako nyuma yake.

HAMISI: Nyuma yake hapana. Ukishatanguliza sorry, umeshakiri.

MWANAIDI: Hujakiri kitu, umemjali mtu! Wewe ukijikwaa hapa sasa hivi nitakwambia sorry, na utaipokea.

HAMISI: Kwako nitaipokea, tumelelewa mtaa mmoja. Mgeni je?

MWANAIDI: Ataizoea.

HAMISI: Hatuafikiani.

MWANAIDI: Hatuafikiani kabisa. Na fundi mitambo ananyoosha mkono, muda umekwisha.

HAMISI: Lo! Na borrow?

MWANAIDI: Upesi: sisi kuazima tunakutumia pande zote mbili, wao wametenganisha. Anayechukua, borrow, anayetoa, lend. Kwa hiyo kalamu unaiomba hivi: “Can you lend me your pen?”

HAMISI: Au “Can I borrow your pen?” Since na for...

MWANAIDI: Wiki ijayo, kaka. Wameshaanza kupiga muziki.