Lushoto: Usiku wa Sensa Ulilala Wapi?

ELIA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunapanda mlima, tunakwenda Lushoto, mkoani Tanga, kwao mwenzangu. Dada Mwanaidi, nianze na swali la karani wa sensa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, ulilala wapi?

MWANAIDI: Mabibo. (Anacheka.) Ndiyo hivyo, mimi kwenye sensa ni mtu wa Dar. Mama yangu kule Lushoto hajanisamehe. "Yaani wamekuandika huko?"

ELIA: Si sensa inakuhesabu ulipolala?

MWANAIDI: Ndipo inapotukosa. Tuko wengi huku chini ambao shamba liko kule, msiba uko kule, Idi ni kule. Kilichoko Dar ni kitanda tu na kazi.

ELIA: Basi nisaidie hapa. Nimekuta takwimu mbili za sensa ya 2012 kuhusu Lushoto: moja watu 492,441, nyingine 332,436. Nikasema hapa lazima kuna aliyekosea.

MWANAIDI: Hakuna. Toa moja kwa nyingine unapata 160,005. Hao ni Bumbuli. Wilaya moja, halmashauri mbili: Lushoto na Bumbuli. Sasa mtu anachukua ya 2002, ambapo wilaya nzima ilikuwa kama 420,000, anailinganisha na ile ya 2012 ya halmashauri ya Lushoto peke yake, halafu anakutangazia kwamba Lushoto inahamwa. Haihamwi, kaka. Watu wameongezeka, kilichokataa kuongezeka ni mlima.

ELIA: Ardhi.

MWANAIDI: Ardhi! Babu aligawia watoto wa kiume watano. Kipande alichopata baba, ukipiga chafya ukiwa katikati, jirani wa kulia na wa kushoto wote wanakuambia "afya". Na sisi kwa baba tuko sita. Utanigawia nini hapo, kivuli cha mgomba?

ELIA: Kwa hiyo kushuka mjini ni jambo la kizazi chenu.

MWANAIDI: Hapana, na hapo ndipo watu wanapokosea. Wasambaa tangu zamani tuna sehemu mbili: Shambalai, yaani huku juu kwenye migomba na ubaridi, na nyika, kule chini kwenye joto. Mtu alikuwa na shamba juu, na mahindi yake chini. Kupanda na kushuka ndiyo maisha yenyewe. Kilichobadilika ni nani anakushusha, na anakushusha kwa sababu gani.

ELIA: Enhe, nani sasa?

MWANAIDI: Wa kwanza ni Mjerumani. Aliupenda ubaridi wa Lushoto, mji akauita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaiser, mfalme wake. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo, hapo chini ya mlima, mwaka 1905. Mashamba yanataka watu, na Msambaa hana haja ya kuvuna mkonge wa mtu wakati ana migomba yake. Basi mwaka 1907 wilaya ikaleta kadi za kazi: kila miezi minne, siku 30 unamfanyia kazi mzungu.

ELIA: Kwa kadi? Kama mahudhurio ya shule?

MWANAIDI: Tena ole wako isijae. Kwa hiyo wapo walioshuka, lakini usiseme walikwenda kutafuta maisha. Maisha waliyaacha nyumbani. Akaja Mwingereza, yeye na mambo ya matuta. Miaka ya arobaini, kuanzia Mlalo, watu wanalazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko ili udongo usiporomoke. Watu wakagoma, wakasumbuana na serikali mpaka mpango ukaachwa, uhuru ukiwa karibu.

ELIA: Na leo nikipita pale naona matuta.

MWANAIDI: (Anacheka.) Wamechimba wenyewe! Kwa sababu leo kwenye tuta kuna karoti, kuna kabichi, kuna hoho, na fuso inasubiri barabarani. Hakuna bwana shamba anayemkimbiza mtu.

ELIA: Tumesema wanaoshuka. Wanaopanda je?

MWANAIDI: Wapo. Kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinaleta watu kutoka kila mkoa. Kuna wastaafu wanaorudi kujenga. Kuna wageni wanaokuja kusimama Irente kuitazama nyika kule chini, wanapiga picha, wanaondoka. Shangazi yangu alijenga vyumba kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu kilichokuwa Magamba. Chuo kikafungwa, vyumba vikabaki na popo. Leo chumba kimoja anakaa mwalimu kutoka Mara, cha pili muuza simu Mchaga, cha tatu kijana anayetembeza watalii. Hakuna Msambaa hata mmoja. Shangazi mwenyewe siku hizi anagombana kwa Kiswahili!

ELIA: Kisambaa kinapotea?

MWANAIDI: Vijijini kipo, tena sana. Pale mjini kinarudi nyuma. Mwanangu nilimpeleka likizo, bibi yake akamsalimia kwa Kisambaa, "onga maundo", mtoto akajibu "shikamoo". Adabu ipo, lugha hakuna. Na usisahau majirani zetu Wambugu, wao wana Kima'a: sarufi unaiona ni ya Kibantu, lakini maneno mengi yana asili ya Kikushi, jamii ya lugha kama Kisomali. Wataalamu wa lugha wanatoka Ulaya kuja kukisikiliza.

ELIA: Hebu nichoree picha moja ya Lushoto ya leo.

MWANAIDI: Soni, njiani kati ya Mombo na Lushoto, jioni. Fuso ya kabichi inashuka, matenga yamefungwa kamba, kijana amelala juu. Kosta inapanda kutoka Mombo, kona baada ya kona, imejaa watu wa Dar wanaokwenda kuzika. Zinapishana kwenye kona nyembamba, lazima mmoja arudi nyuma kidogo. Madereva wanajuana, wanasalimiana, wanaulizana nani kafariki.

ELIA: Na karani wa sensa awahesabu wapi hao?

MWANAIDI: Sijui. Lakini mama ameshaniagiza: sensa ijayo ikifika, niombe likizo mapema, nilale kwake.