Pizikato: Kupiga Fidla kwa Kidole Badala ya Upinde

Karibuni. Leo upinde unapumzika, kidole ndicho kinachofanya kazi. Kwenye karatasi ya muziki mkiona "pizz." ujue ndiyo pizikato, mkiona "arco", rudini kwenye upinde. Mwaka 1624 Monteverdi, mtunzi wa Italia, aliwataka wapigaji waweke upinde kando na kuvuta nyuzi kwa vidole viwili. Sisi tutaanza na kimoja, cha shahada.

Fidla iwe begani kama kawaida. Egemezeni kidole gumba cha kulia kwenye kona ya ubao wa vidole, yaani ubao ulio chini ya nyuzi ambapo mkono wa kushoto hubonyeza, upande wa uzi mwembamba wa E. Kikitulia hapo, mkono hauyumbi.

Sasa, uvute wapi? Msivute pale upinde unapopita. Nyuzi pale zina ulimbo, ile nta inayopakwa kwenye upinde ili ushike uzi, na mafuta ya kidole yakiuingia, baadaye upinde utateleza. Tena karibu na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, uzi ni mgumu, sauti inatoka nyembamba. Vutieni juu ya ubao wa vidole, sentimita chache kutoka mwisho wake.

Nasogeza kamera, tazameni kidole changu. Kinachogusa uzi ni nyama ya ncha, si ukucha. Ukucha unatoa sauti kali ya bati. Naweka kidole, nausikia uzi ukikaza, nausogeza kwa pembeni, halafu nauachia. Kwa pembeni, jamani! Ukiuinua juu, unarudi na kuchapa ubao: pah! Mlio huo una mahali pake. Bartók, mtunzi wa Hungaria, aliutumia sana, na alama yake ni kiduara chenye kistari kinachochomoza juu. Lakini usipoandikwa, unaharibu wimbo.

Tuje mkono wa kushoto, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wanahangaika na kidole cha kulia wakati tatizo liko huku. Upinde unailisha sauti muda wote unapopita. Kidole kinaufyatua uzi mara moja tu, na sauti inaanza kufifia papo hapo. Kidole cha kushoto kikilegea, mnapata "tk" kavu, basi. Kwa hiyo bonyezeni imara, kwa ncha, na msikiinue mpaka noti iishe. Sikilizeni: hii nimekiinua mapema... na hii nimekiacha. Mmeona ilivyovuma? Ongezeni vibrato kidogo, yaani kutikisa kidole hicho juu ya uzi, noti inapata uhai zaidi.

Upinde mnaushika vipi wakati huo? Vidole vitatu vya mwisho viukumbatie kwenye kishikio, cha shahada kibaki huru. Singa, zile nywele za upinde, msiziguse.

Kwenye selo, ndugu mkubwa wa fidla, mambo ni yale yale, ila nyuzi ni nene na sauti inadumu zaidi. Kwenye besi kubwa tumieni ubavu wa kidole na uzito wa mkono mzima. Ncha peke yake haitoshi.

Zoezi: pigeni nyuzi zote nne, G, D, A, E, bila kubonyeza kitu, polepole, kila noti ilingane na mwenzake kwa ukubwa wa sauti. Kisha noti nne kwa kidole, nne kwa upinde, bila kusimama katikati. Upinde ukichelewa kufika, punguzeni mwendo wa zoezi zima, msikimbize sehemu ya kubadilisha peke yake.