Damu ya Mzee Gani?

ZUHURA: Usianze kucheka kabla sijasalimia watu.

HAMISI: Sijacheka.

ZUHURA: Unacheka kwa mabega, nakuona. Wasikilizaji wetu, hamjambo. Leo tulipanga kuzungumzia mbunifu wa mavazi anaweza kujifunza nini akitazama juu angani. Mwalimu Hamisi kaja na karatasi, masomo manne, kila moja kalipigia mstari. Lakini kwanza nitoe dukuduku langu, maana wiki hii nimeaibika.

HAMISI: Fundi kaaibika.

ZUHURA: Mbunifu.

HAMISI: Mbunifu kaaibika.

ZUHURA: Mteja alitaka koti refu, kola pana, rangi ya damu ya mzee. Nikakata. Jora likaniishia kabla sijafika kwenye mikono. Nikachukua jora jingine, kitambaa kile kile, jina lile lile. Nikalaza kipande juu ya kipande chini ya taa ya tyubu, nikakodoa macho. Sawa. Nikashona usiku, taa ile ile ya tyubu. Sawa. Nikapiga pasi, sawa. Hafla yenyewe ilikuwa bustanini, saa tisa mchana.

HAMISI: Jua likatoka.

ZUHURA: Anashuka garini, mwili wa koti ni damu ya mzee, mikono ni zambarau! Mwanamke mzima anatembea kama kaazima mikono. Kila aliyempa pongezi alikuwa anaangalia makwapa.

HAMISI: Wazee wawili tofauti. Kila jora na mzee wake.

ZUHURA: Haya, cheka sasa.

HAMISI: Hapana, nina swali la tangu utotoni. Damu ya mzee ni ya mzee gani? Maana damu ya mzee na ya kijana ni rangi moja. Kinachoifanya iwe nyeusi-nyeusi ni kupungukiwa na oksijeni, umri haumo kabisa.

ZUHURA: Mwalimu, hiyo ni rangi. Ukienda kununua kitambaa, ukasema «nyekundu iliyopungukiwa na oksijeni», watakuita gari la wagonjwa.

HAMISI: Sawa. Ila lililokupata wewe lina jina, linaitwa metamerizimu.

ZUHURA: Jina lenyewe lina meno.

HAMISI: Jambo lenyewe ni jepesi. Jicho lina aina tatu za chembe zinazopokea rangi, na kazi yao ni kujumlisha tu. Kitambaa cha kwanza kilifika kumi kwa sita na nne, cha pili kikafika kumi kwa saba na tatu. Jicho limesoma kumi na kumi, likasema sawa. Halioni hesabu, linaona jibu. Sasa taa ya tyubu mwanga wake una mashimo, rangi fulani zina nguvu na nyingine karibu hazipo. Jua limejaza zote. Ulipotoka nje ukabadilisha namba za kujumlisha, majibu yakaachana.

ZUHURA: Kwa hiyo rangi zilikuwa mbili tangu mwanzo.

HAMISI: Dawa za rangi zilikuwa mbili tangu mwanzo. Taa ndiyo iliyozipatanisha.

ZUHURA: Kuna mtu alinifundisha kazi, alikuwa hakati kitambaa chochote mpaka akitoe dirishani kwanza. Nilikuwa namwona mshamba.

HAMISI: Usijilaumu sana. Kuna waliokosea hivyo hivyo kwa ulimwengu mzima.

ZUHURA: Ndiyo somo la kwanza hilo?

HAMISI: Hapana, hili halimo kwenye karatasi. Mwaka 2002, wanaastronomia Karl Glazebrook na Ivan Baldry wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichukua mwanga wa galaksi zaidi ya 200,000, wakaujumlisha wote, wakauliza: jicho likiupokea mwanga huu wote kwa mara moja, litaona rangi gani? Januari wakatangaza. Ulimwengu ni kijani kinachoelekea samawati.

ZUHURA: Rangi nzuri hiyo. Hariri, mkato wa mshazari, mgongo wazi...

HAMISI: Usishone bado. Wiki chache baadaye wakarudi wakasema samahani. Programu yao ya kompyuta ilianzia kwenye nyeupe isiyo ya kawaida. Maana huwezi kusema kitu kina rangi gani mpaka kwanza ukubali nyeupe ni ipi, na nyeupe hubadilika kulingana na taa uliyosimama chini yake.

ZUHURA: Subiri. Walilinganisha ulimwengu chini ya taa ya tyubu!

HAMISI: Ndivyo ninavyokwambia.

ZUHURA: Wanasayansi wa galaksi! Halafu mimi ndiye fundi.

HAMISI: Mbunifu.

ZUHURA: Asante. Haya, waliporekebisha ikatoka rangi gani?

HAMISI: Rangi ya maziwa. Nyeupe iliyotiwa manjano kidogo sana. Wakaipa jina Cosmic Latte.

ZUHURA: Krimu?

HAMISI: Krimu.

ZUHURA: Mwalimu, hiyo ni rangi ya bitana! Rangi unayoweka ndani ya koti ili isionekane. Unaniambia nyota zote, galaksi zote, ukikoroga pamoja unapata bitana?

HAMISI: Huenda nguo yenyewe iko upande wa pili.

ZUHURA: Na sisi katika lugha yetu tumeichukua buluu tukaipa jina la mbingu kabisa, samawati. Kumbe mbingu wenyewe wamevaa krimu. Nani atatuomba radhi?

HAMISI: Samawati ni haki yake, lakini ni anga letu tu. Hewa inatawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Ukipanda juu ya hewa, mchana wenyewe anga ni jeusi. Ila hujasikia zuri zaidi. Waligundua kwamba zamani ulimwengu ulikuwa wa buluu zaidi, kwa sababu nyota changa zilikuwa nyingi. Nyota kubwa changa zina joto kali, na joto kali linatoa buluu. Siku hizi nyota zinazozaliwa ni chache, zile za buluu zinakufa mapema, zinabaki nyekundu nyekundu. Ulimwengu unavyozeeka unaelekea wekundu.

ZUHURA: (kimya) Usiseme.

HAMISI: Sijasema kitu.

ZUHURA: Damu ya mzee.

HAMISI: Umesema wewe.

ZUHURA: Basi huyo mzee tumempata!

HAMISI: Tumepata ukoo wake. Ukitaka mzee mmoja wa kumnyooshea kidole, itazame nyota ya Betelgeuse, kwenye bega la Orion, lile kundi la nyota lenye umbo la mwindaji. Mwekundu, unamwona bila darubini. Uso wake una joto la kama Kelvini 3,500. Ukishuka mpaka mguuni kuna Rigel, ya buluu, kama Kelvini 12,000.

ZUHURA: Bega damu ya mzee, mguu buluu. Hata Orion jora lilimwishia.

HAMISI: (anacheka) Na huyo mzee afya yake ni ya kubembeleza. Mwishoni mwa 2019 alianza kufifia, kufika mapema 2020 kila mtu anaona kwa macho kwamba kapungua. Watu wakadhani ndiyo anaaga. Kumbe alikuwa amekohoa wingu la vumbi, likamkinga.

ZUHURA: Ana miaka mingapi?

HAMISI: Hapo ndipo utakapokasirika. Takriban milioni 10.

ZUHURA: Na Jua?

HAMISI: Bilioni 4.6.

ZUHURA: Basi ni kijana! Jua ni babu yake kabisa!

HAMISI: Ni mzee kwa maisha aliyoyala. Nyota kubwa inachoma haraka. Jua liko katikati ya umri wake, Betelgeuse yuko ukingoni.

ZUHURA: Haya, hapo nimekunasa. Umesema damu ya mzee na ya kijana ni sawa. Mzee wako mwenyewe ni kijana. Hujajibu swali.

HAMISI: Najibu. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, na ndani yake kuna chuma. Mtu mzima ana gramu 3 au 4 tu za chuma mwilini, nyingi zimo kwenye damu. Chuma hicho hakikutengenezwa duniani. Kilipikwa ndani ya nyota na kutapanywa zilipolipuka, kabla Jua halijakuwepo. Nyota kubwa ikifika kwenye chuma ndiyo mwisho wake, kwa sababu kuunganisha chuma hakuipi nguvu tena, kiini kinaporomoka. Nyingine zilikuwa mizoga midogo ya nyota, viini vilivyobaki nyota ikishazimika, vikalipuka baadaye. Kwa hiyo damu yoyote, hata ya mtoto wa jana...

ZUHURA: Ni damu ya mzee.

HAMISI: Ni damu ya wazee.

ZUHURA: Nimepata cha kumwambia mteja. «Dada, mikono yako ni ya nyota nyingine.»

HAMISI: Atakulipa?

ZUHURA: Hatanilipa. Lakini hebu nirudi nyuma, kuna kitu kinanikera. Kama ulimwengu ni krimu, zile picha wanazotuonyesha, mawingu ya zambarau, kijani, dhahabu, zinatoka wapi? Mimi zile picha nimezibandika ukutani. Nimeshatoa mavazi mazima humo.

HAMISI: Krimu ni jumla. Ukitazama kimoja kimoja kuna rangi.

ZUHURA: Zile zile za kwenye picha?

HAMISI: ...Inategemea.

ZUHURA: Aha.

HAMISI: Chukua ile maarufu ya darubini ya angani ya Hubble ya mwaka 1995, Nguzo za Uumbaji, kwenye wingu la gesi liitwalo M16. Walipiga kwa vichujio vitatu: salfa, haidrojeni na oksijeni. Kisha salfa wakaipa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu.

ZUHURA: Na haidrojeni kwa macho ni kijani?

HAMISI: Mwanga ule wa haidrojeni ni mwekundu. Urefu wa wimbi lake ni nanometa 656.

ZUHURA: Mwekundu ukaitwa kijani!

HAMISI: Kwa sababu salfa nayo ni nyekundu, takriban 672! Ukiziacha zilivyo, jicho linaona wekundu mmoja, huwezi kujua gesi gani iko wapi. Ni mikono yako na mwili wa koti, chini ya tyubu. Wao wamekutolea nje juani ili uone kwamba ni viwili.

ZUHURA: Hapana, hapana. Jua halikubuni rangi. Jua lilionyesha tofauti iliyokuwepo. Hawa wamechukua kopo la rangi.

HAMISI: Na darubini ya James Webb je? Ile inapokea infraredi, mwanga usio na rangi yoyote kwa jicho la mtu. Wanafuata mpangilio: mawimbi marefu yanapewa nyekundu, mafupi buluu. Ulitaka watuletee picha nyeusi tupu?

ZUHURA: Webb naielewa. Hapo hakuna rangi ya kuhujumu. Lakini nyekundu iliyokuwepo ukaipaka kijani, halafu mimi nikaamini... Mimi nikipiga picha gauni jekundu nikalituma kijani, mteja ataniitaje?

HAMISI: Nimekuona ukipiga picha nguo zako, dada yangu. Sanamu mbele limenyooka kama mstari, nyuma pini kumi na mbili zimebana kitambaa.

ZUHURA: Zile pini zinaonyesha nguo itakavyokaa ikishapimwa kwa mwenyewe!

HAMISI: Na zile rangi zinaonyesha gesi ilivyokaa.

ZUHURA: Pini hazibadilishi kitambaa.

HAMISI: Zinabadilisha ninachokiona. Na wao angalau wanaandika chini ya picha wamefanya nini. Wewe uliandika wapi «pini kumi na mbili»?

ZUHURA: Nani anasoma maandishi ya chini? Picha inazunguka dunia nzima, maandishi yanabaki nyumbani.

HAMISI: Hilo kosa la msomaji.

ZUHURA: Ni kosa la aliyechagua rangi ya kuvutia akijua hakuna atakayesoma.

HAMISI: Walichagua rangi ya kutenganisha.

ZUHURA: Na ikatokea kwa bahati ikawa nzuri.

HAMISI: Ndiyo.

ZUHURA: Mwalimu.

HAMISI: Nimesema ndiyo.

(kimya)

ZUHURA: Siamini.

HAMISI: Na mimi sirudi nyuma.

ZUHURA: Picha naibandua kesho.

HAMISI: Huibandui.

ZUHURA: ...Ya Webb inabaki. Haya, tuliache, naona mtu ananinyooshea vidole viwili kule kwenye kioo. Dakika mbili. Masomo yako manne?

HAMISI: Dakika mbili! La kwanza ni mvutano, jinsi kitambaa kinavyomwagika kikikatwa mshazari, mbunifu Madeleine Vionnet, Paris, miaka ya 1920...

ZUHURA: Hilo linataka kipindi chake. Ruka.

HAMISI: La pili, Chebyshev, mwanahisabati Mrusi. Mwaka 1878 alitoa mhadhara Paris kuhusu kukata nguo, akauliza utafunikaje mpira kwa kitambaa kilichofumwa. Na hapo ukiunganisha na kupinda kwa anga kwa Einstein...

ZUHURA: Huunganishi chochote kwa dakika moja. Ruka.

HAMISI: La tatu, ulinganifu, nalifuta mwenyewe, sikulipenda. La nne ni mavazi ya wanaanga wa Apollo. Matabaka 21, na kampuni iliyoyashona ilikuwa ni ile ile ya sidiria za Playtex, mafundi wa kike walewale wa...

ZUHURA: Za nini?

HAMISI: Sidiria.

ZUHURA: Waliokwenda mwezini walishonewa na mafundi wa sidiria, na wewe umeliweka la nne?

HAMISI: Nilifuata mpangilio wa...

ZUHURA: Dakika arobaini tumezungumza bitana! Wasikilizaji, muda umekwisha, mimi nina mikono miwili ya kufumua. Kwaherini. Zima hapo. Hapana, usizime, wewe kule, usizime. Sidiria zipi?