Ofisi Isiyo na Kibao: Mhadhara Kuhusu Miji ya Jangwani ya M'zab

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, walimu wenzangu, wanafunzi na majirani wa mtaa huu mliokuja kutusikiliza: wakubwa shikamooni, na vijana habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya jangwani hapa Mwanza, mji ambao mtu akisimama Capri Point na kugeuka huku na huku haoni ila maji na miamba, na ambao hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Ninakotaka kuwapeleka, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100, na mto wa huko kwa sehemu kubwa ya maisha yake ni mchanga mtupu. Ni Bonde la M'zab, kaskazini mwa Sahara, nchini Algeria, yapata kilomita 600 kusini mwa jiji la Algiers. Ndani yake imo miji mitano iliyopanda vilimani: El Atteuf, ulio mkongwe kuliko yote, kisha Bou Noura, Melika, Beni Isguen, na Ghardaïa, ambao leo ndio mkubwa na ndio makao makuu ya mkoa. Mwaka 1982 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huenda kupiga picha minara, soko na mashamba ya mitende, na mimi nimekuja kuwaeleza kwa nini naamini kwamba karibu kila wanachokipiga picha ni ofisi ya jumuiya ile, ofisi isiyo na kibao mlangoni, na ambayo haijafungwa hadi leo.

Walioijenga miji hiyo walikuwa Waamazigh, yaani Waberberi wa Afrika Kaskazini, wa madhehebu ya Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyo mageni katika nchi yetu kwa kuwa ndiyo waliyoyafuata masultani wa Oman na Zanzibar. Dola yao ya Tahert ilipoangushwa mwaka 909 walikimbilia kusini hadi Sedrata, karibu na Ouargla, na kuanzia karne ya 11 wakaanza kujenga M'zab. Hawakulifuata bonde lile kwa uzuri wake. Lilikuwa jabali tupu, na humo ndimo ilimokuwa salama yao, maana ni vigumu jeshi kuzingira mahali ambapo farasi wake hawatapata cha kunywa. Hapa Mwanza nasi tunajenga juu ya miamba, na atakaye ushahidi atoke nje atazame Mabatini au Igogo, lakini sisi wengi tulipanda kwa kukosa viwanja. Wao walipanda kwa sababu ardhi ya chini, ile chache yenye rutuba, ilikuwa mali ya mtende na njia ya mto. Naomba mkumbuke jambo hilo, kwa sababu nitalirudia.

Nianze na maji, na hapo nitakaa kidogo. Mto wa M'zab hutiririka kwa saa chache au siku chache tu, na baina ya mafuriko na mafuriko inaweza kupita hata miaka. Yakija, maji huja kwa kishindo, yamebeba mchanga na mawe, kwa hiyo suala lililowakabili wakulima wa Ghardaïa lilikuwa namna ya kuyagawa kabla hayajawapita. Upande wa juu wa mashamba ya mitende walijenga kuta na njia za chini ya ardhi zinazoyapokea maji na kuyaingiza katika vichochoro vilivyo baina ya bustani. Siku ya kawaida kichochoro ni njia ya watu na punda. Siku ya mafuriko kinageuka mfereji. Chini ya ukuta wa kila bustani kuna tundu, na upana wa tundu hilo umepimwa kwa mawe kulingana na ukubwa wa bustani na mitende iliyomo. Mwenye mitende mingi ana tundu pana, mwenye michache ana jembamba, na hakuna anayelazimika kukesha akimlinda jirani yake, kwa kuwa jiwe halipokei rushwa. Hata zile njia za chini zina mashimo ya kupumulia, ili hewa inayosukumwa na maji itoke na isije ikapasua kuta.

Yanayobaki huzuiwa na mabwawa. Mgeni anayeliona bwawa likiwa kavu karibu mwaka mzima hudhani limeharibika, kumbe halikujengwa ili maji yakae bali ili yazame, yashuke hadi tabaka la chini na kuwarudia watu wote kupitia visimani. Kwa karne nyingi maji ya visima hivyo yalivutwa kwa kiriba cha ngozi, kamba na kapi, huku punda akishuka mteremko ambao urefu wake umelingana na kina cha kisima, hata akifika mwisho wa njia na kiriba kimekwisha kufika juu. Siku hizi pampu zimempumzisha punda, na visima vya mashine vinachota maji ya kale yaliyo chini zaidi. Katika mji wa Zelfana yanatoka yakiwa moto, na watu husafiri kwenda kuyaoga. Lakini mgao wa mafuriko bado una wasimamizi wake. Wanaitwa umana, neno ambalo Mswahili hahitaji kamusi ili kulielewa, kwa kuwa limetoka shina moja na amana na uaminifu wetu. Wao ndio wanaokagua matundu na kuamuru mchanga uzolewe, na mtu hajipanulii tundu lake kwa sababu tu mwaka huu amepanda zaidi.

Mtaniwia radhi nikisema kwamba kila nilipowaza habari hizi niliziona ndoo za mitaa yetu ya vilimani, zimepangwa foleni tangu alfajiri, na ziwa linang'aa pale chini. Sisi hatuna uhaba wa maji. Tuna kazi ya kuyapandisha na kuyagawa, na hiyo ya pili Wamzabi waliimaliza kwa mawe na chokaa.

Sasa tupande kilimani. Msikiti uko juu kabisa, na mnara wake, mpana chini na mwembamba juu, ulikuwa wa mwadhini na wa mlinzi vilevile. Ndani ya msikiti kulikuwa na ghala la nafaka na la silaha. Nyumba zinauzunguka na kushuka hadi kwenye ukuta wa mji, na desturi inamkataza mtu kuinua nyumba yake kiasi cha kumzibia jirani jua au kuchungulia uani kwake. Kwa nje hutaweza kuitofautisha nyumba ya tajiri na ya maskini. Wasanifu majengo wa Ulaya, akiwemo Le Corbusier aliyefika miaka ya 1930, walikwenda kujifunza huko, na hilo limeandikwa sana, kwa hiyo nalipita.

Linaloandikwa kidogo ni nani anayeyasimamia yote hayo. Kila mji una halka ya azzaba, yaani baraza la wanazuoni, mfumo uliowekwa katika karne ya 11 na Abu Abdallah Muhammad ibn Bakr. Kwa kawaida wajumbe ni 12: imamu, mwadhini, walimu wa watoto, wasimamizi wa wakfu, waosha maiti. Wanawake wana baraza lao, timsiridin, ambalo jina lake linatokana na kazi ya kuosha maiti wa kike, lakini ambalo mamlaka yake yanafika katika malezi, mavazi na ugomvi wa nyumbani. Baraza la azzaba halina askari wala jela. Adhabu yake kubwa ni tabria: mkosaji hutangazwa msikitini kuwa ametengwa, na tangu hapo hakuna anayekaa naye wala kushirikiana naye mpaka atubu hadharani. Wasukuma waliomo humu ukumbini watatabasamu, kwa kuwa wanaijua adhabu ya kutengwa na Sungusungu, na wanajua kwamba mtu huweza kuivumilia faini ya ng'ombe kuliko kupita kijijini bila kusalimiwa.

Baraza hilo huweka pia kikomo cha mahari na gharama za harusi, na koo hufunga ndoa za pamoja, ambapo vijana kadhaa huoa siku moja, katika nyumba ya ukoo, kwa chakula kilichopikwa na wote. Hapa nilitaka kunyamaza, lakini nina kadi tatu za michango ya harusi mfukoni mwangu za mwezi huu pekee, na si haki kunitaka ninyamaze.

Kuhusu Beni Isguen, niliingia kama wageni wote wanavyoingia, yaani kwa miguu na nikiwa na mwongoza wageni wa mji, ambaye jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba sitawapiga picha watu, hasa wanawake. Alasiri kuna mnada katika uwanja wa soko. Wazee hukaa kwenye mabaraza ya mawe yanayouzunguka uwanja, na madalali, ambao huko nako huitwa kwa jina lilelile, huzunguka wakiwa wamebeba zulia, birika au cherehani iliyotumika, wakitaja bei iliyofikiwa. Mnada wetu wa samaki pale Mwaloni una kelele maradufu. Ule wa Beni Isguen ni karibu mnong'ono, na ilinichukua muda kutambua kwamba biashara ilikuwa imeshaanza.

Bonde halikuweza kuwalisha watu wote, hivyo wanaume walikwenda kufanya biashara katika miji ya kaskazini, hasa Algiers, na fedha zao zikarudi kuchimba visima na kuendesha wakfu. Elimu nayo ilisafiri. Sheikh Muhammad Atfayyish wa Beni Isguen, aliyefariki mwaka 1914, aliandika vitabu vingi, na baadhi yake vilipigwa chapa Zanzibar, katika kiwanda cha uchapaji alichokianzisha Sultani Barghash. Kwa hiyo mswada wa jangwani ulisafiri hadi kisiwani kwetu ili uwe kitabu, na huo ni uhusiano ambao ningependa wanafunzi wa historia wa hapa waushike.

Nisiwapake mafuta. Kati ya mwaka 2013 na 2015 Wamzabi na majirani zao Waarabu wa kabila la Chaamba walipigana, na Julai 2015 pekee zaidi ya watu 20 walikufa. Mabaraza ya kila upande yalikuwa hodari wa kuwatuliza watu wake, lakini hayakuwa na kikao kimoja. Na kabla ya hapo, tarehe 1 Oktoba 2008, mto uliozoea kulala ulifurika na kuua watu zaidi ya 30. Majengo mengi yaliyobomoka yalikuwa yameshuka kutoka vilimani na kukaa kwenye njia ya maji, ile niliyowaomba mwikumbuke. Anayeishi kando ya Mto Mirongo hahitaji nimfafanulie zaidi.

Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wenyeji wa Beni Isguen wamejenga mji mpya, Tafilelt, nao wameuweka juu ya jabali, wakaiacha mitende chini. Vichochoro ni vyembamba ili viwe na kivuli, mawe ni ya hapohapo, na wenye nyumba wenyewe walishiriki katika ujenzi. Kila anayepata nyumba hutakiwa kupanda na kuitunza miti mitatu: mtende, mti wa matunda na mti wa mapambo.

Nimekuja na picha chache za yale matundu ya maji, hakuna sura ya mtu ndani yake. Zitapita mkono kwa mkono tukianza maswali, zikianzia kwa wazee wa mstari wa mbele, na nawaomba sana zinirudie zote saba.