Maduka ya Gatini: Jengo la Abiria wa Meli za Kitalii Kilindini

Mabibi na mabwana, wenye mabasi, wachonga vinyago, nanyi wa bandari na forodha, hamjambo.

Leo tunazungumzia namna ya kupanga maduka katika jengo la abiria wa meli za kitalii, hapa bandari ya Kilindini, Mombasa. Nianze na saa. Meli ya kitalii ikifunga kamba Kilindini alfajiri, watu wa afya na uhamiaji hupanda kwanza, na abiria huanza kushuka kama saa mbili. Wanashuka mbiombio, maana mabasi ya Tsavo Mashariki na Fort Jesus yanawangoja. Msipange vinyago kwenye njia hiyo ya kutokea. Hakuna atakayesimama, na akisimama atawazibia wenzake. Mtalii hununua akirudi, tuseme kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na nusu, kabla ngazi ya kupandia meli haijaondolewa. Biashara yenu ya siku nzima ni dakika 90 hizo.

Sasa tupige hesabu. Meli ya abiria 2,000, kati yao 1,200 wamekwenda matembezi. Kwa watu 40 kila basi, hayo ni mabasi 30, na karibu yote yanarudi kwa mkupuo. Mtu na mkoba wake akichukua sekunde 18 kwenye eksirei ya ukaguzi wa usalama, mashine moja inapitisha watu 200 kwa saa. Mkiweka mashine mbili, wa mwisho atangoja kwa muda wa saa tatu. Zinatakiwa nne, na wahudumu wa kuzitosha zote nne, si mashine nne mbili zikiwa zimefunikwa turubai. Foleni ikitoka nje juani, kila mtu anatazama saa yake, na mtu anayeogopa kuachwa na meli hafungui pochi. Muuzaji atadhani bei yake ndiyo iliyowafukuza.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu: basi, ukaguzi, maduka, ngazi ya meli. Mtu aliyekwisha kukaguliwa ametulia, anaiona meli yake dirishani. Ila kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004, zinalifanya eneo hilo kuwa la vibali. Kila muuzaji awe na kitambulisho cha bandari, na bidhaa zikaguliwe asubuhi kabla ya kupangwa. Ndiyo maana ndani naona vibanda 8 hadi 10 vinatosha. Maduka makubwa na mkahawa yabaki upande wa mji, raia waweze kuingia.

Ngazi nayo ina mambo yake. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa hukaribia mita 4, na maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Meli inapanda nayo, hivyo ngazi inakuwa kali saa ileile wazee wanaporudi wamechoka, mikono imejaa vifurushi. Tafuteni ngazi ya magurudumu inayopandishwa na kushushwa. Daraja la kudumu kama la uwanja wa ndege halifai, kwa kuwa kila meli ina mlango wake mahali pake.

Bidhaa. Sime, mkuki na mishale vitazuiwa na eksirei ya meli yenyewe. Ganda la kasa na matumbawe msiyaweke kabisa, kwani ni kesi kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Kinyago cha mti mbichi kinapendeza hapa pwani, lakini kikilala siku tatu kwenye chumba chenye kiyoyozi kinapasuka kuanzia miguuni. Mti ukaushwe hadi unyevu wa asilimia 12 au pungufu. Kipimo cha mkononi cha pini mbili kinaonyesha papo hapo. Vitundu vyenye unga mpya wa mbao maana yake ni bungua, mdudu anayekula mbao, na bandari inayofuata itakitupa. Mashine ya kadi iwe na laini za mitandao miwili.

Halafu kuna mabaharia, ambao wachoraji wa ramani huwasahau. Meli ya ukubwa huo huwa na wafanyakazi wapatao 1,000, wanaoshuka kwa zamu za saa chache. Wanataka intaneti, soketi za umeme, sabuni, biskuti, na mahali pa kutuma fedha kwao. Duka dogo lenye viti nje litalishinda duka la sonara.

La mwisho ni kodi ya vibanda. Msimu wa meli ni wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, takriban Novemba hadi Aprili; kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma gati ni kimya. Tena mnakumbuka maharamia wa Kisomali waliposhambulia Seabourn Spirit mwaka 2005 na MSC Melody mwaka 2009, kampuni za meli zikaikimbia pwani hii kwa miaka kadhaa. Kodi kamili ya kila mwezi itamfukuza mchongaji kabla ya Agosti, abaki muuza vitu vya kuagizwa kontena zima. Tozeni asilimia ya mauzo siku za meli, na kiasi kidogo cha ulinzi na usafi miezi mingine. Ukumbi ukodishwe kwa harusi na mikutano, mradi mlango wa gatini ufungwe.

Ramani ya maegesho iko hapo ukutani. Wenye mabasi, njooni kwanza.