Mgongo Mrefu, Ngazi Nyingi: Kumfuga Dachshund Mombasa

RIZIKI: Assalaam aleikum, na hamjambo nyote mnaotusikiliza kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Leo tunazungumza mbwa, tena mbwa mmoja tu: Dachshund. Wale wenye miguu mifupi na kiwiliwili kirefu, mnaowaona Nyali wakitembezwa jioni. Watoto wa dada yangu wanamtaka, kwa hivyo leo kaka Kazungu atanijibu maswali mengi.

KAZUNGU: Uliza, dada, ni vizuri kuuliza kabla hajaja. Sisi nyumbani Tudor tunaye, nampenda kwa dhati, na huniuma nikiona watu wananunua kwa sababu ya picha tu. Huyu ni mbwa wa kazi. Wajerumani walimzalisha aingie ndani ya shimo la mnyama fulani wa jamii moja na nyegere, apambane naye humo gizani. Chama cha wafugaji wake kule Ujerumani kilianzishwa mwaka 1888, na mbwa mwenyewe ni wa zamani kuliko chama. Miguu ile, pua ile, ukaidi ule, vyote vimetokana na kazi ya shimoni.

RIZIKI: Hata kubweka? Maana ukimsikia nyuma ya mlango utadhani ni jibwa kubwa.

KAZUNGU: Hata kubweka. Akiwa chini ya ardhi mwindaji hamwoni, ila anafuata sauti ajue pa kuchimba. Ndiyo maana kifua chake kikubwa na sauti nzito. Na kule chini hakuna wa kumwamuru, anajiamulia mwenyewe. Sasa wewe unamwita arudi ndani, yeye anakutazama, kisha anaendelea kufukua chini ya mwarobaini. Anafundishika, lakini kwa subira na vipande vya nyama, si kwa fimbo.

RIZIKI: Haya, tuje kwenye mgongo, maana kila mtu huutaja.

KAZUNGU: Na wana haki. Hitilafu ya kijeni inayochangia kufupisha miguu yake ndiyo hiyohiyo inayofanya zile diski laini kati ya pingili za uti wa mgongo zikauke na kuwa ngumu mapema, hata akiwa bado kijana. Diski iliyokauka inaweza kupasuka ikabana neva. Watafiti hukadiria kwamba kati ya mbwa watano au wanne wa aina hii, mmoja hupata tatizo hilo maishani. Si jambo dogo hilo. Mbwa anaweza kulala mzima akaamka hawezi kusimama.

RIZIKI: Subhanallah. Na sisi hapa tunakaa ghorofani, ngazi za saruji, nyumba zote vigae.

KAZUNGU: Hapo ndipo Mombasa inapomhusu. Kigae kinateleza, na akiteleza miguu ya nyuma inatawanyika, mgongo unapinda. Tandika jamvi au zulia pale anapopita sana, hasa kutoka mlangoni hadi kwenye bakuli lake. Kochi liwekee kidaraja, au mzoeshe asipande kabisa. Ngazi, mbebe. Na kubeba kuna namna yake, naomba wazazi wawaonyeshe watoto: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, umnyanyue pande zote mbili kwa pamoja, mgongo ulale sawa kama ubao. Watoto wengi humshika chini ya makwapa, miguu ya nyuma ikaning'inia. Hapo uzito wote unavutwa na uti wa mgongo.

RIZIKI: Dalili nitazijuaje?

KAZUNGU: Anakataa kuruka mahali alipozoea. Anajikunja mgongo juu, anatetemeka, analia ukimgusa. Au unasikia kucha za nyuma zinakwaruza sakafu, kwa sababu hanyanyui miguu vizuri. Ukiona hivyo, mweke mahali padogo asitembee, mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akishapooza miguu, kila saa ina maana. Na tafadhali sana, msimpe dawa zenu za maumivu. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

RIZIKI: Na uzito? Mombasa tunapenda kulisha. Pilau ikibaki, inakwenda kwa mbwa.

KAZUNGU: Pilau hapana, dada. Pilau ina vitunguu, na kitunguu kibichi au kilichopikwa huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Ukitia zabibu kavu ndiyo mbaya zaidi, zabibu zinaweza kuua figo. Na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Mpe chakula chake, kwa kipimo, maana kila kilo ya ziada inabebwa na mgongo uleule. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza. Ukizitafuta usizipate, punguza bakuli.

RIZIKI: Na joto letu hili la kaskazi?

KAZUNGU: Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa ikishajaa unyevu kuhema hakusaidii sana. Halafu tumbo lake liko karibu kabisa na lami. Weka kiganja chako chini: kama huwezi kukiacha hapo, yeye pia asipite. Sisi tunamtoa alfajiri, na jioni jua likishashuka. Tunamfunga mkanda wa kifuani, si kamba ya shingo, maana akivuta shingo inaumia.

RIZIKI: Alfajiri hiyo ndiyo ninayotaka kuigusa. Wakati huo majirani wanashuka kwenda msikitini. Wengi wetu pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito: yanaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mtu aliyetawadha akilambwa ngazini, umemtia taabu kubwa. Si kwamba anamchukia mnyama.

KAZUNGU: Umesema kweli, na mimi si Muislamu lakini nimeishi na watu hawa tangu utotoni. Ngazini namshika mkononi, nasimama pembeni mtu apite kwanza. Kwenye kamba za nguo simpitishi. Na kubweka tunalishughulikia, kwa sababu sauti ile kwenye uchochoro wa ghorofa inafika mbali. Mbwa aliyetembezwa na kupewa kitu cha kutafuta kwa pua habweki ovyo.

RIZIKI: Na kuuma? Watoto wa dada yangu wana mikono isiyotulia.

KAZUNGU: Tusifiche hilo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo yaliyotokana na majibu ya maelfu ya wenye mbwa, na Dachshund alikuwa miongoni mwa waliokuwa na tabia kali zaidi, kwa wageni na hata kwa wenyewe. Ni mdogo, lakini alizalishwa asirudi nyuma. Asisumbuliwe akila, wala akilala chini ya shuka, na wanapenda mno kujichimbia humo. Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isipite tarehe. Akiuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali.

RIZIKI: Kupe je?

KAZUNGU: Pwani kupe ni mwaka mzima, wanaleta homa zinazomaliza damu. Dawa ya kila mwezi, na mkague masikioni na katikati ya vidole. Mbu nao hueneza minyoo ya moyo, muulize daktari kinga yake. Akitoka baharini, kausha yale masikio marefu.

RIZIKI: Dada yangu akienda kununua, aulize nini?

KAZUNGU: Amwone mama wa hao watoto wa mbwa, na aulize kama wazazi waliwahi kuumwa mgongo. Na kama wazazi wote wawili wana rangi ya madoamadoa, aachane nao: watoto wa mbwa hao wanaweza kuzaliwa vipofu au viziwi.

RIZIKI: Anakaa ghorofa ya nne, hakuna lifti.

KAZUNGU: Basi lazima ajulikane nani atambeba. Wale wa aina ndogo hawazidi kilo 5, lakini wa aina kubwa wanafika kilo 14. Kila siku, kushuka na kupanda, kwa miaka 12 hadi 16. Mkubwa wa wale watoto yuko darasa la ngapi?

RIZIKI: La nne.

KAZUNGU: Atakuwa ameshahama kwao, na mbwa bado anataka kubebwa. Mwulize dada yako kama yeye mwenyewe anamtaka. Akisema ndiyo, mje Tudor Jumamosi, watoto wajifunze kumshika kabla hawajanunua.

RIZIKI: Nampigia nikitoka hapa.