37: Filamu Iliyoliamini Gazeti

Nawashukuru wenyeji wangu kwa mwaliko, nanyi wanafunzi kwa kujaa ukumbini jioni hii. Nimeombwa nizungumzie filamu zinazotokana na matukio ya kweli. Ningeweza kuleta orodha ndefu, lakini nimeona heri nilete moja, tena moja iliyoniangusha moyo, kwa sababu kasoro yake ni kasoro ambayo yeyote kati yenu anaweza kuirudia mwaka huu huu.

Inaitwa 37. Ilitoka mwaka 2016. Mwongozaji wake ni Puk Grasten kutoka Denmark, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Bajeti yake ilikuwa ndogo, na inaonekana: usiku mmoja, jengo moja, waigizaji wachache ambao wengi wao si majina ya kujaza kumbi. Kisa chake kimetokana na kifo cha Kitty Genovese, dada wa miaka 28 aliyeuawa katika mtaa wa Kew Gardens, Queens, jijini New York, usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 1964.

Nianze na lawama ambayo sitaitoa. Sitailaumu filamu hii kwa umaskini wake. Mkisoma watu wanavyozijadili filamu ndogo, mara nyingi mtakuta fedha ndiyo inayobeba mzigo wote: taa hafifu, sauti mbovu, nguo zisizofanana na za enzi husika. Hapa umaskini ulikuwa karibu na neema. Kisa cha watu waliosikia mayowe wakiwa ndani hakihitaji magari ya kulipuka. Kinahitaji korido, madirisha, mlango unaofunguliwa nusu, mtoto anayesikia kitu na mkubwa anayemwambia arudi kulala. Grasten alilijua hilo. Zipo sini ambazo kamera inakaa na familia ndani ya chumba huku yanayotokea nje yakitufikia kwa sauti tu, na hapo niliona kipaji cha kweli. Sikushangaa kusikia kwamba tamasha la filamu la Moscow lilimpa tuzo ya mwongozaji bora mwaka huo huo.

Basi nini kilichoharibika?

Angalieni jina la filamu. Tarehe 27 Machi 1964, wiki mbili baada ya mauaji, gazeti la New York Times lilitoa ukurasa wa mbele habari iliyoandikwa na Martin Gansberg. Kichwa chake kilisema watu 37 waliona mauaji wasiite polisi. Sentensi ya kwanza ikasema raia wema 38 walimtazama muuaji kwa zaidi ya nusu saa akimwandama na kumchoma kisu mwanamke katika mashambulizi matatu. Tofauti ya 37 na 38 ni kwamba mmoja alipiga simu, akiwa amechelewa. Namba yenyewe ilitoka kwa mkuu wa polisi wa jiji, Michael Murphy, aliyeitaja akila chakula cha mchana na mhariri wa habari za jiji, A. M. Rosenthal. Rosenthal akaona habari kubwa, akamtuma Gansberg, na mwaka huo huo mhariri mwenyewe akachapisha kitabu kuhusu mashahidi hao 38.

Dunia ikaipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Wahubiri waliisema makanisani. Wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, wakaanza majaribio yaliyochapishwa mwaka 1968, yakionyesha kwamba mashahidi wakiwa wengi kila mmoja hungoja mwenzake aanze. Majaribio hayo yana thamani yake hadi leo. Lakini kisa kilichoyazaa kilikuwa kimesimuliwa vibaya.

Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo penye uzito.

Kitty alikuwa meneja wa baa huko Hollis, Queens. Alifika nyumbani kama saa tisa na robo usiku, akaegesha gari lake aina ya Fiat kwenye maegesho ya stesheni ya reli. Winston Moseley, mtu aliyekuwa na kazi, mke na watoto, alikuwa akizunguka mitaani akitafuta mwanamke wa kumuua. Alimchoma kisu barabarani, upande wa mbele wa maduka. Kitty akapiga kelele. Mwanamume mmoja katika jengo la ng'ambo akafungua dirisha na kumkemea amwache binti huyo, na Moseley akakimbia. Kitty, akiwa na majeraha, akajikokota kuzunguka jengo hadi nyuma, ulikokuwa mlango wa kupandia kwao, akaangukia ndani ya ukumbi mdogo wa ngazi. Kama dakika kumi baadaye Moseley alirudi, akamtafuta, akamkuta. Shambulio la pili, lile lililommaliza, lilitokea mle ndani, upande wa nyuma, mahali ambapo wakazi wa upande wa mbele wasingeweza kupaona hata wakitaka.

Kwa hiyo mashambulizi yalikuwa mawili, si matatu. Usiku wa Machi ni wa baridi, madirisha yamefungwa, watu wamelala. Wengi walisikia kitu. Wachache waliona, na kati ya hao, wengi waliona kipande tu: mwanamke anayepepesuka, mtu anayetoweka. Charles Skoller, mmoja wa waendesha mashtaka katika kesi ile, alieleza baadaye kwamba mashahidi walioona jambo la maana walikuwa kama nusu dazeni.

Sisemi wote walikuwa wema. Mfanyakazi wa jengo la ng'ambo aliona kisu na hakufanya lolote. Jirani aliyekuwa juu ya ngazi zile alifungua mlango, akaona, akaufunga. Alipiga simu kwa rafiki kuomba ushauri kabla polisi hawajaitwa. Aibu hiyo ni ya kweli na inastahili filamu. Tena kumbukeni kwamba namba ya dharura ya 911 ilianza kutumika New York mwaka 1968. Mwaka 1964 mtu alipaswa kupigia kituo cha polisi au opereta, akaanza kuulizwa yeye ni nani na anaishi wapi.

Na kulikuwa na Sophia Farrar. Alikuwa jirani na rafiki wa Kitty. Alipopigiwa simu alfajiri ile, hakuuliza mengi. Alishuka ngazi mbio bila kujua kama muuaji bado yumo. Akamkuta Kitty sakafuni katika damu, akampakata, akazungumza naye hadi msaada ulipofika. Kitty alifariki akiwa ndani ya gari la wagonjwa. Habari ya ukurasa wa mbele haikusema kwamba mtu yeyote alimshika mkono. Familia yake iliishi kwa miongo ikiamini alikufa peke yake.

Sasa rudini kwenye filamu. Grasten hakuwachukua majirani halisi, aliwabuni. Uamuzi huo naukubali, hata nausifu, maana unawalinda waliokuwa hai. Lakini kaya zake za kubuni zimepangwa kuizunguka namba ya gazeti. Kila kaya imepewa huzuni yake: ndoa inayochakaa, uzee, familia ya watu weusi iliyohamia tu na inayoogopa macho ya wenyeji. Kila huzuni ina kazi moja, kueleza kwa nini simu haikupigwa. Baada ya kaya ya pili unajua ya tatu itafanya nini. Jina la filamu limeshakuambia matokeo, na mhusika hana njia ya kukushangaza. Watu wote wamekuwa jibu la swali moja.

Hilo ndilo lililonisikitisha, na ndilo ninalotaka mlibebe kama waandishi. Uongo wa gazeti haukukosea historia pekee, uliua pia tamthilia. Sini hujengwa na mtu anayeweza kuchagua. Jengo ambamo wawili wanajua na kunyamaza, wengine wanasikia na kudhani ni walevi wanaotoka baa, mmoja anapaza sauti dirishani akadhani amemaliza kazi, na mwanamke mmoja anashuka gizani, jengo hilo lina mvutano hadi dakika ya mwisho. Hata yule aliyepaza sauti! Fikirini maisha yake: alimfukuza muuaji, akarudi kitandani, asubuhi akakuta jiji zima linamhesabu kati ya wasiojali. Huyo peke yake anatosha filamu ya dakika tisini, tena ya bajeti ndogo.

Mtu atamtetea mwongozaji kwamba hakuwa na namna ya kujua. Alikuwa nayo. Mwaka 2004, miaka 40 baada ya kifo, New York Times yenyewe ilichapisha makala iliyoihoji habari yake ya zamani. Mwaka 2007 wanasaikolojia watatu, Manning, Levine na Collins, walionyesha kwamba ushahidi uliopo hauungi mkono hadithi ya watu 38. Mwaka 2015 ikatoka filamu ya hali halisi ya James Solomon, The Witness, ambamo Bill Genovese, mdogo wake Kitty, anabisha milango akitafuta ukweli. Bill alipoteza miguu yote miwili vitani Vietnam, na alijiunga na jeshi kwa sehemu kwa sababu hakutaka kuwa kama wale waliotajwa kukaa kimya. Ndani ya filamu hiyo anaketi na Sophia Farrar. Itazameni, kisha mtazame 37 usiku huo huo, mtaelewa kwa nini nimepandisha sauti.

Mwaka 2016, Moseley alipofia gerezani akiwa na miaka 81, gazeti liliandika wazi kwamba habari yake ya 1964 ilikuwa imetia chumvi mno idadi ya mashahidi na walichokiona. Mwaka ambao gazeti lilijisahihisha ndio mwaka ambao filamu ilipeleka kosa lake sinemani.

Na Kitty mwenyewe? Katika filamu hatupewi nafasi ya kutosha kumjua. Hili linaniuma kuliko yote. Alikuwa kifungua mimba wa familia ya watoto watano, mtoto wa Brooklyn aliyebaki mjini wazazi walipohamia Connecticut. Aliishi na mpenzi wake, Mary Ann Zielonko, na siku aliyouawa ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu wakutane. Mwaka 1964 mapenzi yao hayakutajwa gazetini. Hata picha yake mashuhuri, ile ya macho makavu, ilikatwa kutoka picha ya polisi, kutokana na kesi ndogo ya kamari pale baani. Mwanamke mzima amebaki sauti nje ya dirisha, kwanza gazetini, kisha sinemani.

Mnaoandika miswada ya visa vya kweli, utafiti ndio kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika filamu. Kamera inakodishwa, waigizaji wanalipwa, lokesheni inalipiwa. Kusoma mwenendo wa kesi na kukaa sebuleni kwa mtu aliyekuwepo kunahitaji muda na heshima. Mwenye bajeti ndogo ndiye hasa angepaswa kuwa tajiri upande huo.

Nimalizie na kipande ambacho hakimo kwenye habari ile maarufu. Moseley alikamatwaje? Siku chache baada ya mauaji, huko Corona, Queens, alionekana mchana akitoa televisheni kwenye nyumba isiyo yake. Jirani akamuuliza, naye akajibu anasaidia watu kuhama. Jirani hakuridhika, akamuuliza mwenzake, mmoja akaita polisi, mwingine akachomoa kifaa kwenye injini ya gari la Moseley lisiwake. Kituoni akakiri kumuua Kitty. Majirani ndio waliofanya akamatwe, na sini hiyo ingepigwa kwa mtaa mmoja, gari moja na waigizaji watatu.

Sasa tutatazama dakika ishirini za kwanza za 37. Kila mmoja achague mhusika mmoja na aandike ni wapi angeweza kuamua vingine, na mwongozaji amemzuia kwa njia gani. Kisha tujadili. Karibuni.